Panda Machi, kausha Mei: mboga za majani za kula hadi mvua nyingine

Kila ikifika Septemba maswali huja yaleyale. "Dada, mbona mboga zangu nilizokausha zimekuwa na rangi ya ugoro?" "Hivi vitu vyeupe juu ya majani ni chumvi au ukungu?" "Mchicha wangu uliota siku moja ukakomaa siku moja, nusu nimegawa, nusu wamekula mbuzi, sasa nanunua fungu sokoni kama asiye na bustani. Nifanyeje?"

Nimeyaandika majibu yote hapa ili nisirudie. Nazungumzia Dodoma, kwa sababu ndiko ninakolima: mvua ni moja tu, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, kisha miezi saba ya ukavu, upepo na vumbi. Ukiwa Singida, Tabora au Shinyanga, kalenda yako inakaribiana na yangu. Ukiwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hatua ni zilezile ila kuna tahadhari ya fukuto nitakayoieleza huko chini.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni hili: mboga ya kukausha hupandwa kwa ajili ya kukaushwa. Si masalia ya mboga ya kula. Ukisubiri zikuzidi Februari ndipo ukumbuke kukausha, utakuwa unakausha katikati ya mvua, mawingu yamefunga na hewa imejaa unyevu, na hapo ndipo ukungu unapoanzia. Panda awamu mbili. Ya kwanza iende na mvua, hiyo ule mbichi. Ya pili iingie ardhini wiki ya mwisho ya Machi, wakati udongo bado una maji, ili uanze kuchuma mwishoni mwa Aprili na kuendelea Mei yote. Mvua imekata, jua lipo, na upepo ule mkali wa Julai wenye vumbi bado haujafika. Mwongozo huu ni wa awamu hiyo ya pili.

Panda nini?

Kwa anayeanza: kunde, mgagani na mchicha. Basi.

Kunde ndiyo kiongozi. Inavumilia ukame, majani yake ni mazito, na yakikaushwa hayapotei ladha. Wasukuma na Wanyamwezi wana nsansa zao, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, tangu enzi, kama walivyo na michembe na matobolwa, ambavyo ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Hawakungoja semina ya mtu. Mgagani una uchungu wake, lakini ukikauka uchungu hupungua na harufu hubaki. Mchicha hutoa majani mengi kuliko yote, ila ukikauka husinyaa sana. Ukiwa na mlenda shambani, huo nao hukauka vizuri, na Wagogo huusaga ukawa unga kabisa.

Usianze na nyanya. Najua unazitaka. Nyanya ina kantangaze, yule mdudu aliyeripotiwa nchini mwaka 2014 ambaye kiwavi wake huchimba njia ndani ya jani na kutoboa tunda, na ina ugonjwa wa bakajani mvua ikizidi. Jifunze kwanza kwa mboga zinazosamehe. Kabichi na saladi usikaushe: ya kwanza hutoa harufu nyumba nzima, ya pili haibaki kitu.

Kiasi gani?

Hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Familia ya watu watano ikila mboga kavu mara mbili kwa wiki, Agosti hadi Novemba, ni milo kama 35. Mlo mmoja unataka gramu 60 hivi za majani makavu, kwa hiyo unahitaji kilo mbili na ushee. Majani mabichi kilo 10, baada ya kutoa vikonyo na kukausha, hubaki karibu kilo 1. Kwa hiyo lengo lako ni kilo 20 hadi 25 za majani mabichi. Matuta manne ya mita 1 kwa mita 6 yanatosha: mawili kunde, moja mgagani, moja mchicha.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Kwa bustani:
- Jembe, reki, na keni ya kumwagilia. Kama huna keni, toboa mfuniko wa dumu la lita 5.
- Samadi iliyooza vizuri, debe 1 kwa kila mita ya tuta, yaani madebe 24. Ya mbuzi ni nzuri kuliko zote kwa bustani ndogo. Ya kuku iachwe ioze miezi kadhaa, ikiwa mbichi huunguza miche.
- Mbegu. Kunde robo kilo, na itabaki. Chagua zinazotambaa, hizo ndizo zenye majani. Zile zinazosimama wima zimeumbwa kwa ajili ya punje. Mchicha na mgagani kijiko kimoja cha chakula kila moja kinazidi. Ukinunua pakiti dukani, tafuta lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.
- Nyasi kavu za matandazo, zisizo na mbegu.

Kwa kukausha:
- Sufuria kubwa yenye mfuniko, na kipande cha kitambaa chepesi cheupe cha kufungia majani.
- Beseni mbili, chumvi, maji safi ya kutosha.
- Fremu mbili za mbao, mita 1 kwa mita 1, zilizowambwa neti ya plastiki ya madirishani.
- Kitambaa cheusi au cha rangi nzito kinachopitisha hewa, na kingine cha shela cha kuzuia inzi na vumbi.
- Chupa za kioo zenye mifuniko ya kukaza, au ndoo ndogo zenye mifuniko.

Simama hapo kwenye neti. Usitumie chandarua cha mbu. Vyandarua vinavyogawiwa vina dawa ya kuua wadudu ndani ya nyuzi zake, na majani yenye majimaji yakilala juu yake siku mbili, unajua kitakachofuata. Hata kikiwa kikuukuu, hata ukikifua mara ngapi. Na neti ya waya wa mabati usiwekee chakula chenye uchachu kama nyanya, kwa sababu uchachu hula ule mpako wa zinki.

Kabla ya kupanda kunde ulizonunua sokoni kama chakula, zijaribu. Funga punje 10 kwenye kitambaa kibichi, zikae siku nne au tano. Zikiota saba au zaidi, panda. Zikiota nne, kapike makande. Na zile mbegu zilizopakwa dawa yenye rangi, za waridi au kijani, zisiingie jikoni hata kwa bahati mbaya.

Kupanda hadi kuchuma

1. Chimba matuta ya kuzama. Huku kwetu tuta la kuinuka hukauka mapema mno. Chimba eneo la mita 1 kwa 6, shusha usawa wake kwa kina cha kiganja, na udongo unaotoa uwe kingo pande zote. Maji yakimwagwa yanabaki ndani. Pwani na kwenye mfinyanzi fanya kinyume chake, inua tuta, maji yasituame.

2. Changanya samadi na udongo wa juu hadi kina cha sentimita 20, mwagilia, acha wiki moja. Magugu yataota. Yang'oe yakiwa madogo, ndipo upande. Wiki hiyo moja inakupunguzia palizi mbili za mbele, na bado watu huiruka.

3. Panda kunde mistari mitatu kwa tuta, sentimita 30 toka mstari hadi mstari, shimo hadi shimo kama sentimita 12. Punje mbili kila shimo, kina cha sentimita 3. Usiziloweke usiku kucha, huoza kwenye udongo wenye maji.

4. Panda mchicha na mgagani kwa mistari iliyoachana sentimita 20. Mbegu ni ndogo mno, ukizishika peke yake utamwaga zote mahali pamoja. Changanya kijiko cha mbegu na vijiko kumi vya mchanga mkavu, kisha nyunyiza kwenye mfereji mwembamba. Funika kwa udongo laini usiozidi nusu sentimita. Ukiziweka chini zaidi ya hapo, ndiyo mwisho wa habari. Juu weka nyasi nyepesi na umwagilie kupitia nyasi.

5. Ondoa nyasi mara tu unapoona vichwa vya kijani, kwa kawaida siku ya nne hadi ya nane. Ukichelewa, miche inarefuka ikitafuta mwanga na kulala chini. Hizo nyasi usitupe, zisogeze katikati ya mistari ziwe matandazo.

6. Punguza miche mapema. Mchicha ukifika urefu wa kidole, ng'oa iliyosongamana ubaki nafasi ya sentimita 10. Iliyong'olewa ni mboga ya jioni hiyo. Anayeona huruma kupunguza atavuna vijiti.

7. Mwagilia asubuhi, kwenye shina. Mvua ikishakata, tuta moja la mchicha linataka dumu moja na nusu la lita 20 kwa siku jua likiwa kali. Kunde zinaweza kuruka siku moja au mbili. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Maji yenye sabuni ya unga yaende kwenye mti wa kivuli, na ya mtaro yasije kabisa, maana haya ni majani tutakayoyala.

8. Kagua chini ya majani kila siku ya tatu. Hapo ndipo vidukari wanapojificha, hasa kwenye ncha za kunde. Wakiwa wachache, wapangusie kwa vidole au wapige maji kwa nguvu. Wakizidi, twanga kilo 1 ya majani ya mwarobaini, loweka kwenye lita 10 za maji usiku mzima, chuja, tia kipande kidogo cha sabuni ya mche, nyunyiza jioni. Kisha usichume kwa siku tatu nne, la sivyo utakula mwarobaini. Kama umetumia dawa ya dukani, soma kwenye kibandiko ni siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna na uziheshimu zote. Kukausha hakuondoi sumu. Maji yanatoka, sumu inabaki, na sasa iko kwenye jani jepesi mara kumi.

9. Anza kuchuma. Kunde wiki ya nne: majani machanga ya juu, yale yanayokunjika bila kukatika, pamoja na kikonyo kifupi. Kata ncha ya kwanza kabisa, mmea utatoa matawi. Rudi kila baada ya siku saba hadi kumi, na kila mara acha mmea na majani ya kutosha kuendelea kuishi. Mchicha ukifika sentimita 30, kata kwa kisu sentimita 15 toka ardhini, utachipua tena. Mgagani, ng'oa ua kila linapotokeza. Ukiuacha uchanue, majani yanakuwa madogo na makali.

Chuma asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Na hapa kuna sheria moja: usichume ya kukausha siku ambayo huna nafasi ya kumaliza kazi. Majani yaliyolala kwenye kiroba usiku kucha yameshaanza kujipika yenyewe kwa joto lake.

Kukausha

10. Chambua. Jani la njano, lenye madoa au lililotobolewa sana, toa. Kikonyo kigumu toa, kwa sababu jani litakauka na kikonyo kitabaki na maji ndani, na maji hayo ndiyo yatakayoozesha chupa nzima.

11. Osha jani likiwa zima, maji mara mbili hadi tatu, mpaka usisikie mchanga kwenye sakafu ya beseni. Ukikata kwanza ndipo uoshe, virutubisho vinaondoka na maji. Mgagani unanasa vumbi kwa vinyweleo vyake, uongezee mara moja.

12. Pitisha kwenye maji ya moto. Hii ndiyo hatua wanaoanza wanayoiacha, halafu wanaleta lile swali la ugoro. Ndani ya jani kuna vimeng'enya vinavyoendelea kufanya kazi hata baada ya kuchumwa. Vinakula rangi, ladha na vitamini polepole hata ndani ya chupa. Moto wa muda mfupi unavizima. Chemsha maji yatokote hasa, tia chumvi kijiko cha chai kwa lita. Funga majani nusu kilo kwenye kitambaa, tumbukiza, funika. Maji yakirudi kutokota anza kuhesabu: mchicha dakika moja, kunde dakika mbili, mgagani dakika tatu. Toa, tumbukiza kwenye beseni la maji baridi, kisha ning'iniza kitambaa yachuruzike. Maji hayohayo ya moto yatumie kwa mafungu manne au matano. Kubadilisha kila mara ni kumwaga lishe.

Usitie magadi. Najua yanalainisha na kufanya kijani king'ae, na najua bibi yako alitia. Lakini magadi huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, na mboga tunayoitafuta Oktoba tunaitafuta kwa sababu ya hizo.

13. Tandaza kwenye fremu kwa tabaka moja, kilo 2 hivi kwa fremu ya mita 1 kwa 1. Yafumue kwa vidole, yasiwe mabonge.

14. Weka fremu juu ya kichanja cha urefu wa mita 1 hivi, mahali penye jua na upepo, mbali na banda la kuku na barabara ya vumbi. Funika kwa shela. Juu yake, kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 30, tandika kile kitambaa cheusi kwenye vijiti vinne kiwe kama paa. Jua linapasha kitambaa na hewa, majani hayaguswi. Kitambaa kiwe chepesi, kiwe wazi pembeni, upepo ndio unaobeba maji.

Kuhusu kivuli nitasema zaidi, kwa sababu ndicho kinachobishaniwa. Tumezoea kuona mboga zimeanikwa juu ya jamvi, juu ya bati, juu ya mwamba, jua linazipiga uso kwa uso. Zinakauka, sikatai, na kwa haraka. Lakini ile rangi ya chungwa iliyojificha ndani ya kijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huvunjwa na mwanga wa jua wa moja kwa moja. Mboga iliyokauka kivulini kwenye hewa ya moto hubaki na sehemu kubwa zaidi. Kwa hiyo ukiona imebaki kijani kilichoiva, hujapata uzuri wa macho tu. Wenye uwezo hutengeneza sanduku la mbao lenye nailoni angavu juu na matundu ya hewa chini na juu. Ni zuri, ila hata hilo liwekee kitambaa cheusi juu ya fremu, na joto ndani lisipite nyuzi 60.

15. Geuza mara mbili kwa siku. Mwezi Mei huku Dodoma majani huchukua siku moja na nusu hadi mbili. Jua likizama, ingiza fremu ndani. Umande wa usiku mmoja hurudisha kazi ya mchana mzima.

Walio pwani: hewa yenu ina unyevu hata jua likiwaka, kwa hiyo kazi hii ifanyeni Juni hadi Septemba, tandazeni nusu ya kiasi nilichotaja, na wenye sanduku mnafaidi kuliko wenye kichanja. Siku ya pili jioni kama bado ni laini, malizia kwenye fremu iliyowekwa juu ya jiko la mkaa lililobaki na majivu ya moto tu, mbali na moshi, huku unageuza.

16. Pima ukavu. Chukua jani, likunje kiganjani. Linatakiwa kuvunjika vipande vipande, na mshipa wa katikati ukatike kwa sauti. Likikunjika bila kuvunjika, rudisha. Pima baada ya kupoa, kwa maana jani la moto hudanganya.

Kuhifadhi

17. Sawazisha kwanza. Jaza chupa theluthi mbili, funga, iache siku tatu ndani ya nyumba. Kila siku itikise na uangalie. Ukiona mvuke kwenye kioo au majani yameshikana, mimina yote kwenye fremu uanike tena. Siku tatu hizi zinafichua majani yaliyobaki na maji katikati ya makavu.

18. Gawa kwa milo. Afadhali chupa ndogo kumi kuliko ndoo moja, kwa sababu kila ukifungua unaingiza unyevu. Usivunjevunje majani wakati wa kufungasha. Unga hupoteza harufu mapema. Andika jina la mboga na mwezi. Hifadhi penye giza na ubaridi, chini ya kitanda ni bora kuliko juu ya kabati la jikoni. Yatumie ndani ya miezi sita hadi minane. Hayataoza baada ya hapo kama ni makavu, lakini yatakuwa yamebaki nyuzi tu.

19. Kupika: loweka gramu 60 kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu saa, na maji hayo ya kulowekea yaingie sufuriani. Chemsha dakika 15 hadi 20, kisha kaanga kitunguu, unga karanga za kusaga au tui la nazi. Mafuta si anasa hapa. Vitamini A bila mafuta haifyonzwi vizuri. Mgagani ongezea maziwa.

Tahadhari ya chupa na mafuta

Kuna watu wanaochemsha mboga, kuzijaza kwenye chupa pamoja na maji au mafuta, kukaza mfuniko na kuweka kabatini. Usifanye hivyo. Mboga za majani, maharage mabichi, karoti na vitunguu saumu hazina uchachu, na ndani ya chupa isiyo na hewa kuna bakteria anayeweza kutengeneza sumu inayopoozesha mwili, bila kubadili harufu wala ladha. Moto wa sufuria ya kawaida hauui mbegu zake. Ukitaka chupa, tengeneza achari yenye siki au ndimu na chumvi ya kutosha. Vinginevyo kausha.

Na nyanya, kwa aliyezipata kwa bei ya hasara msimu wa wingi: kata vipande vya unene wa nusu sentimita, nyunyiza chumvi kidogo, anika siku mbili hadi nne zikauke kama ngozi isiyotoa maji ukiifinya. Hifadhi kavu, si kwenye mafuta.

Mambo yakienda mrama

Miche imelala chini, shina limenyong'onyea usawa wa udongo. Huo ni kinyausi. Umebananisha na kumwagilia mno. Punguza miche, mwagilia asubuhi tu, iliyokwisha ing'oe utupe mbali.

Mgagani haukuota kabisa. Mara nyingi mbegu ni mpya mno. Mbegu ya mgagani hulala miezi kadhaa baada ya kuvunwa, kwa hiyo tumia ya msimu uliopita, na ya mwaka huu itunze kwa ajili ya mwaka ujao.

Miche imekatwa usiku kama kwa mkasi. Ni sota, kiwavi anayekata miche. Fukua udongo kuzunguka mche uliokatwa asubuhi hiyohiyo, utamkuta amejikunja sentimita chache chini. Zungushia miche iliyobaki majivu makavu, rudia ukishamwagilia.

Kunde zimedumaa na ukizing'oa mizizi ina vinundu. Angalia vizuri kabla ya kulaumu minyoo fundo. Vinundu vinavyobanduka kwa ukucha na kuwa vyekundu ndani ni vya kheri, hivyo ndivyo vinavyoipa kunde naitrojeni. Kama mzizi wenyewe umevimba na uvimbe haubanduki, hapo ndipo penye minyoo. Mwaka ujao usirudishe kunde kwenye tuta hilo.

Majani yamekauka yakawa kahawia. Ama hukupitisha kwenye maji ya moto, ama ulianika juani, ama yalikaa muda mrefu kabla ya kuanikwa. Yanalika, lakini hayana faida kubwa.

Yamekauka nje, ndani ya bonge ni mabichi. Ulitandaza mazito. Fumua, anika upya siku hiyohiyo. Kama yameanza kunuka uchachu, mwaga.

Kuna vumbi jeupe. Lionje kwa macho: chumvi ni punje zinazong'aa na huyeyuka kwenye tone la maji. Ukungu una manyoya na harufu ya godoro lililolowa. Ukiwa ni ukungu, tupa chupa yote, usichague majani mazuri. Kuosha au kuchemsha hakuondoi sumu ambayo ukungu unaweza kuacha, na kuku nao usiwape.

Kuna wadudu wadogo na utando ndani ya chupa. Nondo wa nafaka wameingia, pengine mayai yalikuja na majani wakati wa kuanika bila shela. Kama ni chupa moja, itupe na kagua za jirani. Zilizo safi anika tena mchana mmoja wa joto, poza, rudisha kwenye chupa zilizooshwa na kukaushwa kabisa.

Mboga ina mchanga hata baada ya kupikwa. Loweka, koroga, acha itulie dakika tano, kisha inua majani kwa mkono badala ya kumwaga maji. Maji ya kulowekea ukiyatumia, yachuje kwa kitambaa na uache ile robo ya chini.